Sinia la Asiyekuwepo

Tamae Bando alilisha watoto wa watu miaka thelathini na minne, na wa kwake mmoja akamshinda. Sisemi hivyo kwa kumsengenya. Mwenyewe ndiye aliyekuwa akisema, tena kwa sauti, pale sokoni anapochagua dagaa wakavu mmoja mmoja kama anayemchagulia binti yake mchumba. Mpaka muuza samaki anachoka: "Mama, hao wote ndugu, baba mmoja mama mmoja. Chukua tu twende."

Alikuwa mpishi wa shule ya msingi katika mji wetu, huku Tokushima, pale mto Yoshino unapolegea kabla ya kuingia baharini. Watoto mia tatu na ushei, kila mchana, na sufuria ambazo mtu mzima angeweza kuogea. Kila mtoto alipata wali wake, supu yake, samaki wake na chupa ya maziwa, na hakuna aliyethubutu kuinuka chupa ikiwa na kitu. Tamae alipita kati ya madawati, mikono nyuma. Hata leo wapo wanaume wenye mvi mjini hapa ambao wakimwona ng'ambo ya barabara wanameza mate bila kutaka.

Ukali ule ulikuwa na chanzo chake. Mama yake mzazi, mkulima wa tumbaku huko milimani, alipinda mgongo kabla hajafika miaka sitini, akapinda na kupinda, akafa uso ukiwa umeelekea udongo. Tamae alipokuwa msichana ilimbidi achuchumae ndipo amwone mama yake machoni. Basi siku alipofundishwa jikoni kwamba mfupa hujengwa kwa kalsiamu, na kalsiamu imo ndani ya dagaa wanaoliwa na vichwa vyao, na kwenye tofu ya maharage ya soya, na maziwa, na mwani, aliishika habari hiyo kama watu wanavyoshika dini.

Na dini hiyo ikamwangukia Kozue.

Kozue alikuwa mtoto wa pekee. Baba yake alikufa kwa ini mtoto akiwa na miaka tisa, wakabaki wawili mezani. Na Kozue, jamani, hakupenda dagaa. Tangu ana miaka mitatu alikuwa akiwasukuma ukingoni mwa bakuli. "Wananitazama, mama."

"Na wewe watazame. Ukimaliza kuwatazama, watafune."

Alipokua akaanza kuficha vitu. Chini ya kitanda chake ungekuta tambi za kikombe, zile zenye ladha ya kamba wa baharini, unazimwagia maji ya moto na kungoja dakika tatu. Na soseji za samaki za rangi ya waridi. Na soda nyeusi. Tamae alizifukua na kuzitupa, na wiki iliyofuata zimo tena. Vita hivyo vilidumu miaka, na kila mmoja aliamini anashinda.

Akiwa na miaka ishirini na minne Kozue alimleta mchumba kutoka Osaka, kijana mmoja mpole wa kuinama inama. Tamae alipika siku mbili. Kila kitu kilikuwa kizuri mpaka Kozue alipokisogeza kando kile kibakuli cha dagaa, taratibu, kwa kidole kimoja. Mama akaona. Angenyamaza, ingepita. Lakini nani amnyamazishe Tamae mbele ya kibakuli kilichojaa?

"Itafune hiyo mifupa," akasema, "au unataka kumzalia mwenzio watoto wa jeli?"

Kozue akaweka chini vijiti vyake vya kulia chakula. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha mama yake. "Umenilisha miaka ishirini na minne," akasema. "Hujaniuliza hata siku moja ninapenda nini." Akainuka, akavaa viatu mlangoni, akatoka. Yule kijana masikini akainama mara tatu, akafyonza haraka haraka supu iliyobaki kwa kuona aibu kuiacha, kisha akamkimbilia mwenzake.

Maji yakimwagika hayazoleki. Harusi ilifanyika Osaka, na mama akaisikia kwa watu. Akatuma boksi, kama mama wote wa huku wanavyowatumia watoto walio mbali: mchele, viazi vitamu, na dagaa mfuko mzima. Akatuma la pili. La tatu lilirudi lilivyo, na juu yake karatasi: *Usitume tena, tafadhali.* Osaka si mbali, ni saa tatu kwa basi, unavuka madaraja mawili tu. Tamae hakuvuka. Miaka kumi na moja ikapita, na namba ya simu ya binti yake ikakaa mlangoni mwa friji mpaka wino ukageuka kahawia.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Huku kwetu ni kinyume: asiyekuwepo ndiye anayetengewa kwanza. Mtu akiwa safarini, au vitani, au popote pale ambapo huwezi kumwona, unamwandalia sinia dogo la chakula na kuliweka mahali pake, ili asilale njaa huko aliko. Supu unaifunika. Baadaye unafunua, na kifuniko kikiwa na matone ndani, basi msafiri wako ni mzima.

Tamae alimtengea Kozue kila jioni: wali, supu ya miso yenye mwani, tofu, na dagaa kumi na wawili waliokaangwa kwa sukari na mchuzi wa soya, vichwa vyao vyote vikielekea upande mmoja. Alifunua kifuniko, akayaona matone, na moyo ukamtulia mpaka kesho. Asubuhi chakula kile kilimwendea paka wa jirani. Paka yule alinenepa, akawa na mifupa kama ya ng'ombe, na hakuna aliyejua kwa nini.

Na Tamae mwenyewe alikula nini? Hapa ndipo penye siri, na mimi nitaitoa, maana bila hiyo hakuna hadithi. Mwaka wa pili baada ya Kozue kuondoka alikuwa dukani, mkono wake ukachukua kikombe cha tambi za kamba bila kumuuliza. Akaenda nacho nyumbani, akamwaga maji, akangoja dakika tatu. Ule mvuke ulipompiga usoni, harufu ile, alimsikia binti yake chumba cha pili akifungua daftari. Alikula akilia. Kesho yake akanunua kingine. Ikawa ndiyo chakula chake cha jioni, tambi za kamba na soseji moja ya waridi na soda nyeusi, miaka tisa mfululizo. Asubuhi alikunywa chai na kipande cha mkate; mchana, tangu astaafu, mara nyingi hakuwa na hamu. Tambi alizinunua duka la ng'ambo ya daraja, maana mpishi wa shule akionekana na soda nyeusi mkononi, mji huu ungecheka mpaka kufa. Alimkumbuka Kozue hivyo, kwa mdomo. Hakuwa na namna nyingine ya kumpata.

Sasa, mwenye kumtia katika mambo ya utafiti alikuwa Nobue, mpishi mwenzake wa zamani, mwanamke wa maneno mengi kuliko mchele. Alikuja siku moja na tangazo la chuo cha lishe.

"Wanataka watu wazima wenye afya, wasiomeza dawa yoyote," akasema Nobue. "Mji mzima tumebaki mimi na wewe."

"Wanawafanyia nini?"

"Wanatazama madini ya mwilini, kalsiamu na mwenzake fosfeti. Unakula chakula chako cha kila siku, wanakupima damu, na mkojo wa siku nzima unauweka kwenye chupa. Wote, Tamae! Hata tone usimwage."

"Na wewe ulivyo, utajaza mapipa."

"Cheka tu. Wewe si ndiye nabii wa kalsiamu? Nenda ukawaonyeshe watu wanavyokula."

Neno hilo likamwingia. Akaenda.

Chuoni aliwapokea binti mmoja mwembamba, Yasuna Inui, aliyekuwa akisomea udaktari wa lishe. Alikuwa na sauti ndogo na kalamu tatu mfukoni. Akawaeleza polepole: siku tatu, kila utakachokula, utenge kingine hivyo hivyo, kiasi kile kile, ukitie katika vyombo hivi vyenye namba. Sisi tutakisaga na kukipima. "Fanyeni kama kwamba yupo mtu wa pili anayekula nanyi," akasema.

*Yupo,* Tamae akasema moyoni.

Na hapo ndipo alipokosea. Ukisema alikosea kuelewa, utakuwa hujakosa. Ukisema aliona haya, hujakosa pia. Mwanamke aliyekwisha kuandaa sinia la pili miaka kumi na moja aliambiwa aandae sahani ya pili, basi akaona kazi yake imeshafanyika. Siku tatu alimwandalia Kozue kama kawaida, akafunua kifuniko, akayaona matone, kisha akakimimina kile chakula chote katika vyombo vya chuo. Halafu akaketi na tambi zake. Kama kuna sauti ndani yake iliyosema, *Tamae, hicho si ulichokula,* aliijibu kwamba chakula kilichotoka nyumba hii ni hicho, na kama wanataka kujua mtu anapaswa kula nini, na wajue.

Chupa ya mkojo nayo ilikuwa kituko. Ilikuwa ya lita tatu, ndani ya mfuko mweusi, na mtu asiiache nyuma popote. Siku ya pili alikutana na Nobue kituo cha basi, kila mmoja na mfuko wake, wakatazamana. "Kimya," akasema Tamae. "Mimi nimesema kitu?" akasema Nobue, na wakacheka mpaka basi likawapita.

Wiki mbili baadaye, saa kumi alasiri, Yasuna alikuja nyumbani. Akavua viatu, akapiga magoti kwenye mkeka, akatoa karatasi na kuzitazama zaidi ya alivyomtazama mwenyeji wake. Tamae akamtilia chai.

"Mama Bando, samahani sana. Majibu yako yananisumbua. Chakula ulicholeta, kwa kweli, ni bora kuliko cha watu wote arobaini na wawili. Kalsiamu imejaa."

"Najua," akasema Tamae, na mabega yakapanda.

"Lakini mkojo wako una kalsiamu kidogo sana. Na fosfeti ni nyingi, nyingi kuliko iliyokuwemo katika chakula ulicholeta. Mtu hawezi kutoa asichoingiza."

"Umetoka chuoni mpaka hapa kuniambia mkojo wangu ni mwongo?"

Yasuna akawa mwekundu mpaka masikioni. Lakini hakurudi nyuma, na kwa hilo nampenda. "Mkojo hauwezi kudanganya, mama. Hauna adabu hiyo. Nafikiri vyombo ndivyo vilivyodanganya."

Tamae akashika kikombe chake. "Na damu?"

"Damu haina kasoro. Kalsiamu ya damu iko pale pale panapotakiwa."

"Basi! Kama damu ni nzima, kelele za nini?"

"Ndivyo ilivyo kwa watu wenye afya. Damu haikubali kupungukiwa." Yasuna akagusa shingo yake. "Hapa kuna tezi nne ndogo kama punje za mchele. Chakula kikileta kalsiamu kidogo na fosfeti nyingi, hasa ile wanayotia viwandani kwenye vyakula vya pakiti, ambayo mwili unaimeza upesi, tezi hizi zinatoa homoni. Homoni inaziambia figo zimwage fosfeti na kuibana kalsiamu. Na mifupa inaambiwa itoe. Homoni yako imepanda, mama. Si ugonjwa. Ila damu yako inabaki nzima kwa sababu inachota mfupani."

"Na mfupa ukichotwa, unasikia?"

"Hausikii chochote. Siku tatu haziwezi kunionyesha hali ya mfupa wako, na sitaki kukutisha. Zinanionyesha tu upande unaoelekea."

Upande unaoelekea. Tamae aliujua upande ule, aliuchuchumalia utoto wake wote. Mkono wake ukamwenda mgongoni wenyewe.

Yasuna alikuwa amekwisha kuinua macho na kuona. Mezani, mahali pa pili, sinia lilikuwa tayari limepangwa kwa ajili ya jioni, vijiti juu ya kishikio chake, bakuli lenye kifuniko, dagaa kumi na wawili wametazama upande mmoja. Na pembeni ya sinki, kikombe cha tambi za kamba cha jana, kimeoshwa na kupinduliwa.

"Hiki ni chakula cha nani?"

"Cha binti yangu."

"Anarudi saa ngapi?"

"Ana miaka kumi na moja hajarudi."

Yule binti akalitazama tena sinia. Wengine wangesema pole, wakainuka wakaondoka. Yeye alikuwa mtu wa kupima vitu, akauliza swali la mtu wa kupima vitu. "Anapenda sana dagaa?"

"Nani, Kozue? Kozue hawezi hata kuwatazama," akasema Tamae.

Akalisikia neno lake mwenyewe. Lilitoka kinywani, likakaa mezani kati yao, na hakukuwa na wa kulirudisha.

"Na hizo tambi?" Yasuna akauliza kwa sauti ya chini.

"Hizo ndizo anazozipenda."

"Na anayezila…"

"Mimi."

Barabarani gari la muuza viazi vya kuchoma lilipita likijitangaza. Tamae alianza kucheka kidogo, kicheko kibaya, kikageuka kabla hajakiwahi, akajifuta uso kwa pindo la aproni. "Loh! Miaka kumi na moja," akasema. "Mtoto alinikimbia kwa sababu ya hawa dagaa, na mimi kila jioni ninamfuata nao. Hata huko hewani simwachi apumue." Kisha akasema jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. "Hiki kifuniko, mwanangu. Wazee wanasema ukiona matone, msafiri wako ni mzima. Naichemsha supu mpaka inaruka, ndipo nafunika. Ikiwa ya moto vile, matone yatakosa kuja? Miaka yote nilijua. Naichemsha makusudi."

Yasuna hakuwa na karatasi ya jambo hilo. Akanywa chai yake yote. Mwishoni akasema kwamba kuna njia mbili: amtoe Tamae katika orodha, bila lawama, au Tamae arudie siku tatu. "Ukirudia, sahani mbili lazima zifanane. Ule unachotenga, au utenge unachokula. Zote kwangu ni sawa. Ninachotaka ni ukweli tu."

"Utafiti wako hautaki niwe mzuri?"

"Hapana, mama. Unataka uwe wewe."

Alipoondoka, Tamae hakuinuka mpaka chumba kikaanza kuwa giza. Nitasema alichowaza, maana alinisimulia. Alifikiri kwamba akila tambi, atakuwa na binti yake na atapoteza mgongo. Akila dagaa, ataokoa mgongo, na ile harufu ya kamba, ile sauti ya daftari chumba cha pili, itakwisha. Miaka tisa hizo tambi zilikuwa kitu chake cha pekee cha kumshika Kozue. Unadhani ni jambo dogo? Ni dogo kwa mtu ambaye watoto wake wanampigia simu.

Jumatatu iliyofuata akaanza upya. Akapima wali mara mbili, tofu mara mbili, akahesabu dagaa kumi na wawili na kumi na wawili. Fungu moja akalitia katika vyombo vya Yasuna. La pili akaliweka mbele yake, akalitazama. Nao wakamtazama. Kozue alikuwa amesema kweli, viumbe hawa wana macho.

Akatafuna wa kwanza. Kichwa kilikuwa kichungu. Jamani, alikuwa amesahau kabisa! Mwanamke aliyetafunisha watoto wa mji mzima, yeye mwenyewe hajaonja kile kichwa tangu siku ile ya mchumba. Chini ya uchungu ulikuwa utamu wa sukari na soya, na harufu ya bahari, na akaona ni chakula kizuri, lakini akaona pia kwamba mtoto wa miaka mitatu anaweza kukichukia bila kuwa mkosefu. Akawamaliza wote kumi na wawili huku machozi yakimdondoka juu ya wali, na ule wali wenye machozi akaula, kwa sababu Yasuna alisema kila kitu kifanane na hakusema lolote kuhusu machozi.

Kisha ikabaki sehemu ya Kozue. Kwa mara ya kwanza hakumwekea dagaa. Akachukua kikombe cha tambi za kamba, akamwaga maji ya moto, akakifunika kwa karatasi yake, akaweka vijiti juu ili isifunuke. Kando akaweka soseji ya waridi, ameimenya, na soda. Akalisogeza sinia mahali pake.

"Kozue," akasema, "leo ni unachokitaka. Kula, mama."

Saa ya ukutani ikaenda dakika tatu. Ikaenda nne. Wali unaweza kungoja, na dagaa wanaweza kungoja mwaka. Tambi haziwezi. Ilipofika dakika ya saba alifunua, na zilikuwa zimekwisha kuvimba, zimekunywa maji yote, zimekuwa uji. Hiki kilikuwa chakula cha mtu aliyepo, anayeketi na kula sasa hivi. Tamae aliziangalia, akaona kwamba sinia lile lote la miaka kumi na moja lilikuwa na subira kuliko maisha yalivyo.

Ilikuwa saa moja na nusu jioni. Akaenda kwenye friji, akasogeza uso karibu ili asome ule wino wa kahawia, akapiga.

Simu ikaita mara sita. Mara ya saba ikapokelewa.

"Halo?" Sauti ya mwanamke mzima. Tamae alikuwa akingojea ya msichana.

"Ni mimi," akasema.

Jibu likaja haraka: "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Mbona unaniulia watu? Umekula?"

Akasikia pumzi ndefu, ile ile aliyokuwa akiisikia mezani miaka yote. "Mama. Miaka kumi na moja, halafu unanipigia kuniuliza kama nimekula."

"Nauliza tu."

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Mama, usianze."

"Sijaanza. Umekula nini?"

"Tambi za kikombe," akasema Kozue, na sauti ikapanda, imejiandaa kwa vita. "Nimetoka kazini nimechoka, nikamwaga maji nikala, na sitaki kusikia habari za mifupa, sitaki kusikia habari za bibi na mgongo wake, nina miaka thelathini na mitano…"

"Za kamba?"

Kozue akakatika katikati ya neno.

"Nakuuliza. Ni zile za kamba?"

"Mama, uko sawa? Unaumwa?"

"Niko mzima, nimepimwa mpaka mkojo. Nijibu."

Ng'ambo ya simu televisheni ilikuwa ikisema, kisha ikazimwa.

"Siku hizi nakula za kari," Kozue akasema polepole. "Za kamba niliziacha zamani. Tangu mwaka ule ule nilioondoka."

Tamae akaegemea friji. Miaka tisa alikuwa amekula tambi za kamba kila jioni ili akae na binti yake, na binti yake hakuwemo ndani ya kikombe kile hata siku moja. Ilimchoma hasa, ilimchoma kuliko karatasi ile iliyorudi juu ya boksi. Mguu wake ukatafuta kiti, akakivuta, akaketi.

"Sikujua," akasema.

"Ungejuaje?"

"Basi niambie. Nini kingine sikijui?"

Tamae aliisikia pumzi ya binti yake ikiingia na kutoka kwa taabu, kama ya mtu anayepanda ngazi amebeba mzigo.

"Ni mengi, mama," akasema mwishoni, na sauti ilikuwa imelowa. "Simu yako itaisha chaji."

"Ni ya mezani," akasema Tamae. "Anza."